Kikundi cha mazoezi kwa wenye Parkinson hapa Jinja: tuanzie wapi, na nani amshike mama mkwe?

Mkaazi wa Walukuba aliuliza:

Ndugu zangu, salaam nyingi. Mama mkwe wangu, ambaye ana umri wa miaka 68 na anaishi nasi hapa Walukuba, anaugua Parkinson. Daktari alimwandikia levodopa iliyochanganywa na carbidopa, naye huimeza mara tatu kwa siku. Dawa imemfaa: mkono wa kulia hautetemeki kama zamani, na asubuhi anaweza kumenya matoke mwenyewe, kazi iliyokuwa imemshinda kabisa. Kinachotusumbua sasa ni mwendo. Hatua zake zimekuwa fupi na za kukokota, mgongo umeinama, sauti imefifia hadi wajukuu humwomba arudie kila neno, na akifika mlangoni miguu huganda sakafuni ilhali kiwiliwili kinaendelea kwenda mbele. Mke wangu amemdaka hapo kizingitini zaidi ya mara moja.

Daktari alituambia kwamba dawa peke yake haitoshi na kwamba anahitaji mazoezi, lakini foleni ilikuwa ndefu na hakupata nafasi ya kutueleza ni mazoezi ya namna gani. Kwa kuzungumza na watu tunaokutana nao siku za kliniki, nimezipata familia nyingine chache za Bugembe na Mafubira zenye mgonjwa wa aina hii, na tumeafikiana kuwakusanya wazee wetu mahali pamoja mara mbili kwa wiki. Kanisa moja la mtaani limekubali kutuachia ukumbi wake bila malipo siku za katikati ya wiki.

Ninayo maswali matatu. La kwanza, je, ni busara kuwaweka pamoja watu walio katika hatua tofauti za ugonjwa, maana mzee mmoja bado anaendesha baiskeli kwenda sokoni na mwingine anasukumwa katika kiti cha magurudumu? La pili, hatuna mashine yoyote. Tunaweza kufanya nini cha maana tukiwa na viti na sakafu tu?

La tatu ni zito kidogo kwangu kuliandika. Familia ya mke wangu ni ya kabila la Waganda, na wengi wenu mnajua jinsi desturi inavyomtenga mkwe na mama mkwe wake, na jinsi kutetemeka kunavyohusishwa na kuvunja mwiko huo wa obuko. Baadhi ya ndugu wanasema ugonjwa ulianza kwa sababu mama alihamia katika nyumba yangu, na shangazi mmoja alilitamka hilo mbele yangu katika kikao cha familia. Mimi siamini, na mke wangu haamini. Mama mwenyewe anakubali kwamba ni ugonjwa wa ubongo, lakini bado hataki nimshike mkono, na siwezi kumlazimisha mtu mzima aliyenipa binti yake. Tatizo ni kwamba mke wangu anafanya kazi kiwandani mchana, na mimi ndiye ninayebaki na nafasi ya kumpeleka. Akiganda katikati ya ukumbi, nani amshike?

Mtaalamu wa viungo, Mbale, alijibu:

Ndugu wa Walukuba, nafanya kazi ya fiziotherapia na nimewahi kusimamia vikundi vya namna hii, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Kikundi kinafaa, na kwa wagonjwa wengi kinafaa kuliko karatasi ya mazoezi wanayopewa waende nayo nyumbani. Upungufu wa dopamini, ile kemikali ya kupeleka ujumbe katika ubongo, hauzuii mikono na miguu tu, bali hupunguza pia ule msukumo wa ndani unaomfanya mtu aanze jambo, na juu yake mara nyingi huja sonona ambayo jamaa huidhania kuwa uvivu. Mtu wa namna hiyo akiachwa peke yake na karatasi, karatasi itaishia chini ya godoro. Akijua kwamba kuna wenzake wanaomsubiri, na kwamba asipofika ataulizwa, atavaa viatu.

Kuhusu aina ya mazoezi, msipoteze usingizi. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyochapishwa mwaka 2023, ambayo yalikusanya majaribio 156 yenye washiriki karibu 8,000, yaliona kwamba aina nyingi za mazoezi huboresha dalili za mwendo na hali ya maisha, na kwamba tofauti kati ya aina moja na nyingine ni ndogo. Huko Oregon, Marekani, jaribio la mwaka 2012 liliwafundisha wagonjwa tai chi, yale mazoezi ya polepole ya Kichina, kwa saa moja mara mbili kwa wiki katika muda wa wiki 24, na walisimama imara zaidi na kuanguka mara chache kuliko wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Mjini New York wagonjwa wamekuwa wakicheza dansi pamoja tangu mwaka 2001. Wote hao walifika na kurudia, na hilo ndilo la kuliangalia mnapochagua. Kipimo kinachopendekezwa na Parkinson's Foundation ya Marekani ni dakika 150 kwa wiki, zikichanganya mazoezi ya kuufanya moyo uende mbio kidogo, ya nguvu za misuli, ya kusimama bila kuyumba na ya kunyoosha viungo. Mikutano miwili ya saa moja itawapa sehemu kubwa ya dakika hizo, na zinazobaki ni za kutembea nyumbani kwa haraka inayomfanya mtu apumue kwa nguvu lakini bado aweze kuzungumza.

Kabla ya jambo lolote, pangeni saa. Ulizeni kila mgonjwa anameza dawa saa ngapi na huanza kujisikia mwepesi saa ngapi, kisha mkutano uwe ndani ya muda ambao wengi wao dawa inafanya kazi, ambao kwa kawaida huanza kama saa moja hivi baada ya kumeza. Mtu anayefanya mazoezi dawa ikiwa imeisha nguvu atateseka bure na hatarudi. Mkumbuke pia kwamba levodopa hushindana na protini ya chakula katika kufyonzwa, kwa hiyo anayeimeza pamoja na sahani ya maharagwe au mchuzi wa karanga anaweza kungoja sana bila kuona faida. Wengi hushauriwa kuimeza nusu saa kabla ya kula. Wale wanaopata kichefuchefu wamuulize daktari wao, na mtu yeyote asibadilishe kipimo chake kwa sababu ya mazoezi.

Sasa ukumbi. Tafuteni viti vizito vya mbao na mviegemeze ukutani, kwa maana kiti cha plastiki hupinda miguu na kuteleza mtu mzito anapokishika. Zoezi la kwanza ni kukaa na kusimama, na usilidharau, kwa sababu ndilo linaloamua kama mama ataweza kwenda chooni peke yake mwaka ujao. Asogeze makalio hadi ukingoni mwa kiti, avute nyayo nyuma mpaka ziwe chini ya magoti, ainamishe kifua mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha asimame kwa mkupuo mmoja. Akimaliza kusimama, asubiri kidogo kabla ya kupiga hatua, kwa sababu wengi wao presha hushuka wanaposimama ghafla na kuwapa kizunguzungu. Wengi hujaribu kusimama huku kifua kikiwa wima na miguu ikiwa mbali mbele, na hapo hata kijana asingeinuka.

Baada ya hapo kila kitu kiwe kikubwa: mikono irushwe hadi iguse ukuta wa kufikirika, magoti yapande, hatua ziwe ndefu kuliko mgonjwa anavyodhani inafaa. Ugonjwa huu humdanganya mwenyewe. Yeye huhisi kwamba amepiga hatua ya kawaida ilhali amepiga nusu hatua, na huhisi kwamba anapaza sauti ilhali ananong'ona. Kwa hiyo hesabuni pamoja kwa sauti kubwa, na mtakuwa mmefanya zoezi la miguu na la sauti kwa mara moja.

Kwa kuganda kwa miguu, chukueni chaki mkachore mistari sakafuni, umbali wa hatua moja ya kawaida kati ya mstari na mstari, kisha waambieni wavuke mstari badala ya kutembea. Wengi hushangaa kumwona mtu ambaye miguu yake ilikuwa imekwama akivuka mistari kumi bila kusita. Mdundo nao hufanya kazi hiyo hiyo. Hapa Mbale hatuhitaji kifaa cha kuhesabu mapigo, kwa sababu tuna kadodi, ngoma ya msafara ambayo kila mtu wa huku ametembea kwa mdundo wake tangu utotoni. Mwanzoni mpigaji apunguze kasi, na katika kugeuka waongozeni wazunguke kwa upinde mpana, kwa sababu mgonjwa anayegeuka papo hapo huvuka mguu juu ya mguu na kuanguka.

Nije kwenye swali lako la tatu. Mtu aliyeganda hapaswi kushikwa mkono na kuvutwa na mtu yeyote, awe binti, mkwe au daktari. Ukimvuta, kiwiliwili kitakufuata na miguu itabaki. Anatakiwa asimame kabisa, avute pumzi, ahamishe uzito wake kutoka mguu mmoja hadi mwingine mara kadhaa, kisha apige hatua moja kubwa kwa hesabu. Hayo yote yanaongozwa kwa sauti. Mwanamke mmoja, hata akiwa wa familia nyingine, asimame kando yake na nyuma kidogo, tayari kumdaka, na wewe usimame upande wa pili wa ukumbi ukihesabu. Kwa hiyo desturi ya wakwe zako haijawazuia chochote.

Mwisho, yule wa kiti cha magurudumu na yule wa baiskeli wanaweza kukaa katika ukumbi mmoja, mmoja akifanya akiwa ameketi na mwingine akiwa amesimama, mradi kila anayeweza kuanguka awe na msaidizi wake. Mkikosa wasaidizi wa kutosha, wagawanyeni. Na waombeni akina mama wasije na gomesi. Ni vazi la heshima, lakini pindo lake refu na mguu unaokokota havipatani. Kandambili nazo zibaki nyumbani.

Mkulima wa Kamuli aliandika:

Nasoma kwa heshima, lakini nina shaka. Mama zetu wamelima maisha yao yote, wamechota maji, wametwanga. Mtu aliyelima ekari mbili anahitaji kwenda kanisani kurusha mikono? Naona kama ni mambo ya watu wa mjini wanaoketi ofisini. Kama mgonjwa bado ana nguvu, apewe jembe dogo na kipande cha shamba karibu na nyumba, na nauli ya bodaboda inunue dawa.

Mstaafu wa Kampala alijibu:

Mimi ni mgonjwa mwenyewe, na nililima vilevile, kwa hiyo ndugu wa Kamuli aniruhusu nimjibu kabla ya wataalamu.

Jembe ni zuri na sijaliacha. Lakini tazama mlimaji anavyosimama: mgongo umeinama, macho yako chini, mikono iko karibu na mwili, na anafanya tendo lile lile kwa saa nzima. Huo ndio mkao ambao Parkinson inataka kunipa bila jembe. Ninachofanyia mazoezi katika kikundi ni kinyume chake, yaani kusimama wima, kufungua kifua, kugeuka, kurudi nyuma, kubeba kikombe cha maji huku nikijibu swali. Jembe halinifundishi kugeuka jikoni bila kuanguka. Kuhusu nauli una haki, na nitasema kwamba katika kikundi chetu watu wawili waliacha kuja kwa sababu hiyo, si kwa sababu mazoezi hayakuwafaa.

Sisi hufanya ndondi. Msishtuke, hakuna anayepigwa. Huko Indianapolis, Marekani, watu walianza mwaka 2006 kuwafundisha wagonjwa wa Parkinson ndondi zisizo na mpinzani, na kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyewahi kucheza ngumi alikubali kutufundisha kwa namna hiyo: tunapiga gunia, tunapiga viganja vyake vilivyovikwa vitambaa vizito, tunahesabu kwa sauti, tunasogeza miguu. Nchi iliyomzaa Ayub Kalule, bingwa wa dunia mwaka 1979, haiwezi kukosa mwalimu wa ngumi karibu na kila kituo cha taksi. Wapo wanaoniuliza kama si ndondi zilizompa Muhammad Ali ugonjwa huu. Ali aligunduliwa kuwa nao mwaka 1984, na mabishano juu ya ngumi alizopigwa kichwani hayajaisha, ila gunia halirudishi ngumi.

Naongeza mambo mawili ambayo mtu mwenye afya njema hawezi kuyaona. La kwanza, kutetemeka huzidi mbele ya watu. Mara ya kwanza mama mkwe wako akiingia katika ukumbi atatetemeka kuliko anavyotetemeka nyumbani, kwa sababu ya wasiwasi tu, na ndugu watasema mazoezi yamemdhuru. Mwacheni akae, anywe chai, atazame. Kuna siku za kwanza ambazo mimi nilikaa tu nikitazama, na hakuna aliyenisemesha kwa nguvu, na ndiyo maana nilirudi. La pili, kwetu sisi kuwa mahali ambapo kila mtu anamwaga chai kidogo ni mapumziko makubwa. Nyumbani nakunywa nusu kikombe ili nisichafue kitambaa cha meza, lakini kule kikombe hujazwa.

Juu ya obuko, nami nilisingiziwa, ingawa kwa upande mwingine: ilisemekana kwamba nilipeana mkono na mama mkwe wangu kwenye msiba. James Parkinson alieleza dalili hizi mwaka 1817 akiwa London, na sidhani kama wagonjwa wake waliwahi kusikia habari za obuko. Hapa nchini kuna shirika linaloitwa Parkinson's Si Buko Uganda, na jina lake lenyewe linatosha kumjibu shangazi yenu. Ushauri wangu ni kwamba msibishane naye katika kikao. Mwalikeni siku moja ukumbini, aone wagonjwa kutoka koo na dini mbalimbali, wengine wasio na mkwe hata mmoja, wote wanatetemeka vilevile. Shangazi wa mke wangu alikuja, akanyamaza, na baadaye akaanza kutuletea ndizi.

Binti wa Arua aliongeza:

Naomba kuongeza moja tu kwa upande wetu sisi tunaouguza. Saa ile wagonjwa wanapofanya mazoezi, wauguzaji wasiokuwa zamu ya kusimama nyuma ya mtu wakae pamoja nje. Mimi nilijifunza pale, kwa mama mwingine, namna ya kumgeuza baba kitandani usiku bila kuumia kiuno, na wapi dawa inapatikana inapokosekana katika duka la kawaida. Pia wekeni maji ya kunywa, kwa sababu wengi wao hukwepa maji ili wasiende chooni mara kwa mara, kisha choo kikubwa kinakuwa kigumu na kizunguzungu kinazidi.

Mtaalamu wa viungo, Mbale, alijibu tena:

Mzee wa Kampala amenipunguzia kazi. Ndugu wa Kamuli, usimnyang'anye mtu jembe lake. Liwe sehemu ya zile dakika za nyumbani, na baada ya kulima asimame akiegemeza mgongo ukutani, visigino, makalio na mabega yakigusa ukuta, kwa dakika chache. Ndondi ni nzuri kwa wale wanaosimama imara. Kwa anayeanguka, gunia lipigwe akiwa ameketi. Na kabla ya kuanza, kila mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kuvunjika nyonga apate ruhusa ya daktari.

Mkaazi wa Walukuba alirudi:

Nawashukuru wote, na hasa mzee wa Kampala. Nimemsomea mama majibu yenu jioni hii, mke wangu akitafsiri kwa Kiganda palipohitajika. Alicheka aliposikia habari za gomesi, akasema atakuja na sketi ya binti yake, lakini ndondi hataki kuzisikia. Kuhusu kunisimamisha upande wa pili wa ukumbi nikihesabu, alisema hilo linawezekana, mradi nihesabu kwa Kiganda na nisimharakishe.

Tumekubaliana na familia za Bugembe na Mafubira kwamba tutakutana saa nne asubuhi, kwa kuwa wengi wao humeza dawa kati ya saa mbili na nusu na saa tatu. Yule wa kiti cha magurudumu hunywa saa nne yenyewe, hivyo mtoto wake atamuuliza daktari kama saa inaweza kusogezwa, na asipokubali, mzee atajiunga nasi katika nusu ya pili. Jirani mmoja, mwanamke ambaye alikuwa mkunga, amejitolea kusimama nyuma ya mama. Viti vya ukumbi ni vya plastiki, kwa hiyo tumeomba mabenchi ya shule ya jirani, ingawa nina wasiwasi kwamba benchi halina pa kushika. Mtaalamu wa Mbale, kama kuna namna ya kulitumia kwa zoezi la kusimama, nitashukuru ukinieleza.

Na kama kuna mtu wa huku Jinja anayemfahamu mpiga kadodi mwenye subira, tafadhali anielekeze kwake. Niliyempata kwanza ametaja bei ya msimu wa imbalu, ile tohara ya Wagisu, na nilipomweleza kwamba ni ngoma ya wazee kumi wanaotembea polepole ndani ya kanisa, aliipandisha.